Pumzi ya Binti Tsai

Chung-wei aliirudisha rekodi nyuma mara ya nne, akavua hedifoni, akazipangusa kwa pindo la fulana yake, akazivaa tena.

"Pei-lan," alisema, "umevuta pumzi mara mbili."

"Wapi?"

"Mwanzo kabisa, kabla hujaanza beti. Unavuta, halafu unavuta tena bila kuitoa ile ya kwanza. Hebu njoo usikie mwenyewe."

Ilikuwa saa nane mchana, na studio yenyewe ilikuwa chumba alimolala mama yake Chung-wei enzi za uhai wake, ghorofa ya nne katika mtaa wa zamani wa Taipei, kuta zimefunikwa magodoro na dirisha limezibwa kwa kabati la nguo. Pei-lan aliweka gita chini akasikiliza. Pumzi ya kwanza ilikuwa nyepesi na ya haraka, ya kifua kidogo. Nusu sekunde baadaye ikaja ya pili, nzito, yenye mkwaruzo wa mtu aliyeacha sigara akiwa amechelewa. Hiyo ya pili ilikuwa yake.

"Itakuwa pikipiki huko nje," alisema.

"Pikipiki inavuta pumzi?"

"Basi ni wewe. Umezoea kunihemea mgongoni."

"Mimi nilikuwa jikoni nakuchemshia tambi, mama. Wewe ndiye uliyenituma."

Wakarekodi upya. Walirekodi mara sita, na mara zote sita pumzi ile ilikuwepo, kila safari imesogea karibu kidogo na maikrofoni. Baada ya ile ya sita, Chung-wei alinusa hewa, akageuka.

"Umejipaka poda leo?"

"Mimi na poda wapi na wapi?"

Lakini naye alikuwa ameshainusa. Ilikuwa poda ya zamani, ile ya kopo, iliyolowa maji ya chumvi ikakauka. Nami naona niliseme hili mapema, ili mtu asije akamwonea huruma kupita kiasi: Pei-lan alijua. Alijua pumzi ile ni ya nani tangu ilipovutwa mara ya kwanza, akanyamaza, akala tambi zake.

Tu Pei-lan alikuwa na miaka thelathini na minne, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameimba bila kampuni, bila meneja, bila mtu wa kumbebea hata waya. Alikwenda mji hadi mji kwa treni ya polepole, na sanduku la magurudumu lililojaa sidii zake. Aliimba katika mikahawa ambamo mashine ya kahawa ilimzidi sauti. Nyuma ya kila jalada aliandika kwa mkono wake: Maneno, Tu Pei-lan. Muziki, Tu Pei-lan. Gita, sauti na picha, Tu Pei-lan. Watu walilipenda jalada lile kuliko hata nyimbo. Kwetu, ambako wanaume watano hufungiwa ofisini kumtungia msichana mmoja kiitikio, mwanamke aliyefanya kila kitu mwenyewe alikuwa mtu wa kujivunia, nao walijivunia yeye.

Miaka saba nyuma hakuna aliyejivunia lolote. Mwaka ule aliimba Taichung mbele ya watu wanne, mmoja wao akisubiri simu yake ijae chaji. Asubuhi yake alirudi nyumbani Hsinyen, kijiji chetu cha pwani ya Chiayi, akaketi na mama yake kupasua chaza, akajiambia basi, imetosha. Ulikuwa mwezi wa siku ya Binti Tsai.

Tsai A-yin alikufa akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye mfereji wa majaruba ya chumvi, kabla hajaolewa. Msichana akifa bila mume, kwetu hapewi nafasi kwenye madhabahu ya baba yake. Ndivyo ilivyo, wala siitetei desturi hiyo. Kijiji kilimjengea chumba chake mwenyewe kando ya majaruba, hekalu dogo kuliko kibanda cha kuuza sigara, na wanawake humpelekea vitu vya msichana: vitana, poda, rangi ya mdomo. Wazee husema alipokuwa hai aliimba huku akikokota chumvi kwa reki, na watu wote wa jaruba walikokota kwa kufuata wimbo wake. Siku yake ikifika huletwa lori la jukwaa, mwimbaji huimba saa sita mchana, na safu ya mbele ya viti huachwa tupu. Mtoto akikaa hapo hupigwa kofi.

Mwaka ule mwimbaji aliyekodiwa aliugua mafua, wakamsukuma Pei-lan juu ya lori. Aliimba jua la utosi likimpiga, mbele ya viti vyekundu vya plastiki visivyo na mtu, na baadaye alimwambia mama yake kwamba hajawahi kupata hadhira ya adabu kama ile.

Aliposhuka, Bibi Kuei alimshika kiwiko. Huyu ndiye mtunza hekalu, na macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, hivyo aliwajua watu kwa sauti zao. Alipokuwa mtoto wa miaka tisa aliwahi kukokota chumvi nyuma ya A-yin.

"Sauti yako nzito, mjukuu wangu," alisema, "lakini ina njaa. Muombe Binti. Yeye hujibu. Ila utaje utakachompa, na ukitaje sawasawa, maana hasahau. Wifi yangu aliahidi hariri akaleta nailoni. Mpaka leo anajikuna."

Pei-lan alicheka, kisha akapiga magoti. Hakuwa na hariri wala nailoni. "Binti," alisema, "nipe wimbo mmoja tu ambao watu watautaka. Ukinipa, kila nitakapouimba nitalitaja jina lako, watu wajue kuwa ni wako." Akarusha vile vibao viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi mchanga. Kimoja kikalala, kingine kikasimamia mgongo wake wa duara, na hilo ndilo jibu la ndiyo. Akarusha tena, ndiyo. Mara ya tatu, ndiyo.

Siku ya tatu, kisu kikiwa ndani ya chaza, wimbo ukaja mzima, maneno na sauti, kana kwamba mtu ameketi nyuma ya sikio lake anamwimbia. Akauita "Chumvi Nyeupe". Kabla mwaka haujaisha ulikuwa kila mahali, kwenye teksi, kwenye saluni, kwenye harusi za watu ambao hawakuwahi kuonja jasho la jaruba.

Na mtangazaji wa kwanza aliyemhoji redioni alimuuliza, kwa macho yanayong'aa, "Huu nao uliutunga peke yako?"

Jina lilifika ulimini. Pei-lan aliyatazama yale macho, akalimeza. "Peke yangu," alisema. "Mezani kwa mama, nikipasua chaza."

Baada ya hapo ikawa rahisi. Miaka miwili ya mwanzo alimpelekea Binti poda ya bei mbaya kutoka Japani, akidhani itatosha. Hakuwa ameahidi poda. Mwaka wa tatu siku ile ilimkuta safarini, na wa nne hakuikumbuka.

Sasa ulikuwa mwaka wa saba. Albamu mpya ilikuwa inarekodiwa, jina la Pei-lan lilikuwa kwenye orodha ya watatu wanaowania tuzo ya mtunzi bora, na baada ya wiki sita angeimba katika ukumbi mkubwa wa kando ya mto, viti elfu moja na mia mbili, ukumbi ambao kwa miaka kumi na miwili alipita nje yake akiburuta sanduku.

Pumzi haikukaa pumzi. Wiki ya pili ikawa mguno mwishoni mwa mistari, wiki ya tatu ikawa sauti. Chung-wei alijaribu kuifuta kwa kila chombo alichokuwa nacho, na kila alipoifuta, ya Pei-lan ndiyo iliyopungua. Mwishowe waliuachia wimbo mmoja mtandaoni hivyo hivyo, na watu wakaupenda kuliko zote.

"Nani huyo msichana anayemwitikia?" waliandika.

"Mpeni albamu yake!"

"Samahani dada Pei-lan, ila mwenzio anakuzidi."

Pei-lan aliyasoma yote akiwa amesimama kwenye foleni ya kununua wali wa kukunja, na muuzaji alilazimika kumwita mara mbili. Alipofika nyumbani alitoa sidii yake ya kwanza kabisa, aliyoirekodi miaka mitano kabla ya kupiga magoti hekaluni, akaiweka. Pumzi nyepesi ilimtangulia kwenye kila wimbo.

Siku iliyofuata Chung-wei alitoka kununua betri, saa sita kasoro mchana. Pei-lan alibaki peke yake ndani ya chumba cha magodoro akajiambia atajaribu beti moja tu, polepole, kwa sauti ya chini, na alipofungua mdomo wimbo ukaanza kabla yake, hapo hapo mbele ya uso wake, mahali ambapo maikrofoni ilining'inia, sauti ya msichana mwenye afya, isiyo na haraka, kisha akaufumba mdomo kwa nguvu mpaka meno yakauma lakini sauti haikunyamaza, taa za kijani za mashine zikaendelea kupanda na kushuka kwa kila neno, na harufu ya poda ikajaa chumba kizima hata akahisi iko kooni, na kwenye sifongo la maikrofoni weupe ukaanza kuota, punje kwa punje, ukilizunguka lote, na alipolamba midomo yake iliyokauka kwa hofu alionja chumvi, chumvi kali ya jaruba, chumvi ya nyumbani.

Mlango ulifunguka. Chung-wei alisimama na betri mkononi. Alimtazama, akaitazama mashine, akamtazama tena.

"Pei-lan," alinong'ona. "Umefumba mdomo."

"Najua."

"Na bado unaimba."

"Si mimi."

"Ni nani basi?"

"Usiulize kwa sauti kubwa. Funga mlango. Hapana, uache wazi."

Wimbo ulifika mwisho wake wenyewe, bila pupa, ndipo taa zikazima. Walikaa kwenye ngazi za nje, katikati ya vyungu vya maua vya majirani, na Pei-lan akamweleza yote. Chung-wei alimfahamu tangu chuo, akamrekodia bure sidii tatu za kwanza, na hakuwahi kudai jina lake liandikwe popote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo dawa ni kumtaja tu," alisema. "Jina lenyewe fupi. Litaje tumalize."

"Nilitaje, halafu mimi niwe nani?"

"Uwe Pei-lan."

"Pei-lan yupi? Aliyeimba Taichung? Wewe unadhani wale watu elfu wanakuja kuniona mimi? Wanakuja kumwona mwanamke aliyefanya kila kitu mwenyewe. Nikiwaambia ule wimbo nilipewa, watauliza na mingine je. Tuzo itakwenda, albamu itakwenda. Nitarudi kupasua chaza nikiwa na miaka thelathini na minne."

"Na mingine je?" aliuliza Chung-wei.

Pei-lan aliufuta uso kwa kiganja. Alikuwa akilia, na kilio chake kilikuwa cha hasira zaidi kuliko cha hofu.

Keshoye alipanda treni ya kwanza kwenda kusini. Majaruba ya Hsinyen yalikuwa yaleyale, mengi yameachwa, maji yamesimama. Bibi Kuei alikuwa anapanga rangi za mdomo mbele ya picha ya Binti, moja moja, kwa kupapasa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ehe! Sauti yenye njaa," alisema bibi bila kugeuka. "Miaka mitano hukanyagi hapa. Nikadhani umeshiba."

Pei-lan alisema yaliyomleta. Bibi Kuei hakumgombeza, na hilo lilimtisha zaidi. Alimkabidhi vibao. "Muulize anataka nini. Uliza kitu kimoja kimoja, na usiulize kwa ujanja."

"Binti, nikuletee gauni la hariri?" Vibao vilianguka vyote matumbo juu, na hapo kila mtu wa kwetu anajua kuwa anacheka.

"Nikujengee hekalu jipya, la marumaru?" Akacheka.

"Nikuletee lori na waimbaji kila mwaka, kwa jasho langu, mpaka nife?" Akacheka, na safari hii kibao kimoja kiliruka mpaka kwenye goti la Pei-lan.

"Mwanangu, unamchezea," alisema Bibi Kuei kwa sauti ya chini. "Uliahidi nini?"

Pei-lan aliviokota vibao. Nje hapakuwa na upepo. Harufu ya poda ilikuwa nzito kiasi kwamba alipumua kwa mdomo.

"Nikitaja jina lako ukumbini, mbele ya watu wote, utaniachia sauti yangu?"

Kimoja kikalala, kimoja kikasimama. Akarusha tena. Akarusha mara ya tatu. Ndiyo tatu.

Bibi Kuei aliokota vibao, akavifuta kwa kiganja. "Haya. Lakini nisikilize. Hukuahidi kutaja tu. Ulisema watu wajue. Nilikuwa nimesimama papa hapa. Wajue, Pei-lan."

Wiki tatu zilizobaki sauti ile haikusikika hata mara moja. Pumzi za rekodi zikawa moja moja, nzito, zenye mkwaruzo. Chung-wei alimaliza albamu kwa siku tisa akawa anapiga miluzi jikoni. Pei-lan aliandika maneno atakayosema, akayafuta, akayaandika tena, akayabeba mfukoni kila alikokwenda.

Jioni ya tamasha aliomba kiti cha katikati, safu ya mbele, kiachwe wazi. Mwandaaji, Bwana Liao, alikuna kichwa. "Dada, watu wamekosa nafasi wanalia huko nje."

"Kiache tu, Bwana Liao."

"Ni cha nani?"

"Utasikia."

Saa mbili kasoro taa zilishuka. Alimwona mama yake safu ya nne, kavaa koti la sikukuu. Aliimba nyimbo tisa, na zote tisa zilikuwa kwa sauti yake mwenyewe. Watu waliitikia, na kwa mara ya kwanza maishani hakusikia mashine ya kahawa popote. Kisha akafika kwenye "Chumvi Nyeupe". Aliushika mkono wa maikrofoni.

"Wimbo huu sikuutunga mimi," alisema.

Akakitazama kile kiti cha mbele.

"Uliimbwa na Tsai A-yin wa kijiji cha Hsinyen, aliyekufa majini akiwa na miaka kumi na tisa. Nilimwomba, akanipa. Nikaahidi kulitaja jina lake kila ninapouimba, na kwa miaka saba nimewadanganya. Ni wake. Maneno ni yake, na muziki ni wake. Amekaa pale mbele."

Alisema yote. Hakupunguza hata neno, na hilo lazima tumpe. Halafu mwanamke mmoja kwenye ghorofa ya juu alianza kulia kwa kwikwi, mwanamume akapiga kofi moja, la pili, na ukumbi mzima ukasimama. Walishangilia. Watu elfu moja na mia mbili walimpigia makofi mikono juu, wakifuta machozi.

"Tunakupenda, Pei-lan!"

"Jamani, hata anavyoongea ni shairi!"

Hapo ndipo alipoelewa. Hawakuwa wameamini hata neno moja. Alikuwa amewaambia kwa miaka saba kwamba anatunga kila kitu mwenyewe, na sasa walidhani amemtunga na A-yin. Nyuma kabisa ya ukumbi, kwenye meza ya sauti, Chung-wei alikuwa akitikisa kichwa na kuzungusha mkono: waambie tena, waambie tena. Mbele yake, kile kiti kitupu, cha aina ile inayojikunja isipokaliwa, kilikuwa kimekunjuka na mto wake umebonyea.

Ilikuwa ni kuinua mkono tu. Angesema nyamazeni, sisimulii hadithi, ana hekalu lake na picha yake na watu waliomfahamu, nendeni mkaone. Alijua hivyo kama anavyojua jina lake. Lakini makofi yalikuwa hayajaisha, yalikuja mawimbi kwa mawimbi hadi yakalitikisa gita kifuani mwake, na alikuwa ameyasubiri kwa miaka kumi na miwili, katika treni zile zote, mbele ya wale watu wanne wa Taichung, na akajiambia nimeshasema, kusema nimesema, wasipoelewa kosa si langu.

Akainamisha kichwa, akawashukuru.

Kisha akasimama wima ili avute pumzi ya kuanza. Pumzi ilisikika ukumbi mzima, nyepesi, ya haraka. Ilikuwa moja tu, na kifua cha Pei-lan kilikuwa hakijanyanyuka.

Wimbo uliimbwa siku ile kama ambavyo haukuwahi kuimbwa. Wote waliokuwepo wanakubali. Pei-lan alichezesha midomo na vidole, na machozi yaliyomtoka watu waliyaona ni ya furaha.

Tuzo aliipata. Waamuzi waliandika kwamba kumbuni msichana aliyezama ili awasemee wanawake wa chumvi waliosahaulika ni kazi ya mtunzi aliyekomaa. Magazeti yalisifu sauti yake mpya, changa, safi. Chung-wei hakuja kwenye sherehe. Alimpelekea ujumbe mfupi: "Ungeinua mkono tu." Hajampigia simu tena.

Siku ya tatu baada ya tamasha Pei-lan alimpigia mama yake.

"Mama, ni mimi."

"Nani mwenzangu?"

"Mimi, mama. Pei-lan."

Upande wa pili kisu kiligonga ganda. "Binti," alisema mama yake kwa upole, "nadhani umekosea namba. Pei-lan wangu sauti yake naijua." Simu ikakatwa.

Jumamosi iliyofuata alishuka Hsinyen, akatembea kwa miguu kutoka stendi mpaka majaruba. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, hakuna kivuli. Kabla hajalifikia hekalu alisikia mtu akiimba ndani yake, taratibu, kwa sauti nzito yenye mkwaruzo wa mtu aliyeacha sigara akiwa amechelewa. Aliimba "Chumvi Nyeupe". Kila mstari ulianza vizuri ukakatika katikati, ukaanza upya, ukakatika hapo hapo.

Bibi Kuei alikuwa ameketi mlangoni na sinia la vitana mapajani, uso ameuelekeza kwenye majaruba.

"Bibi," alisema Pei-lan. "Bibi, nisaidie."

Sinia lilianguka. Vitana vilitawanyika sakafuni. Bibi Kuei aliinuka kwa kushika ukuta.

"Dada A-yin?"

"Hapana, bibi. Ni mimi, Pei-lan. Mtoto wa muuza chaza."

"Pei-lan yumo ndani," alisema Bibi Kuei, akionyesha kwa kidole kile chumba kidogo kuliko kibanda cha sigara. "Anaimba tangu usiku wa tamasha lake. Nimemwambia apumzike, hataki."

Kule ndani sauti ilifika pale pale ilipokatika, ikakatika. Pei-lan alifungua mdomo alie, na kilichotoka kilikuwa kilio cha msichana wa miaka kumi na tisa.

"Nyamaza, dada, nyamaza," alisema Bibi Kuei, naye machozi yanamtiririka. Alimkumbatia kiunoni, kichwa chake kikifika chini ya kidevu cha Pei-lan, kama alivyomfikia mwenzake miaka sabini iliyopita. "Tulikutafuta mfereji mzima siku mbili. Mama yako alikufa akikuulizia. Keti hapa kivulini. Nitakwenda kuwaambia watu wote kijijini kuwa umerudi, nilitaje jina lako nyumba kwa nyumba. Ngoja kwanza nikuletee poda yako."